Senti 90 na Noti ya Dola 20: Shajara ya Kukusanya Sahihi Arizona

Jumamosi, 10 Julai 2021

Leo tumekutana watu saba sebuleni kwa mmoja wetu, magharibi mwa Phoenix, tukagawana fomu za kwanza za sahihi. Ninaandika shajara hii kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tutakayofanyia kazi. Wengi tutakaowaendea ni Wakongo na Warundi walioletwa Arizona kama wakimbizi, na baadhi yao tulichota maji bomba moja kule kambi ya Nyarugusu, Tanzania, lakini karatasi zote za kampeni tulizopewa ziko katika lugha ambayo wazazi wetu huwaachia watoto wawasomee.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 30 Juni Gavana Doug Ducey alitia saini sheria za kodi zilizopitishwa na bunge la jimbo, ambamo chama chake cha Republican kina wingi mwembamba wa viti 16 kwa 14 katika seneti na 31 kwa 29 katika baraza la wawakilishi. Sheria iliyo kubwa kuliko zote, SB 1828 (yaani mswada wa seneti namba 1828), inafuta ngazi za kodi ya mapato zinazoanzia asilimia 2.59 hadi 4.5, na hatua kwa hatua itawaweka watu wote kwenye kiwango kimoja cha asilimia 2.5. Punguzo hilo litakapokamilika, hazina ya jimbo itakosa zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka, na katika hazina hiyo hakuna anayechota zaidi ya shule za umma. Arizona tayari imo miongoni mwa majimbo ya mwisho kabisa Marekani kwa fedha zinazotumiwa kwa kila mwanafunzi.

Katiba ya jimbo inawaachia wananchi mlango mmoja: ndani ya siku 90 tangu bunge lifunge kikao, sahihi za wapiga kura zikifikia asilimia 5 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa gavana, sheria husimamishwa hadi wananchi wenyewe waipigie kura. Hesabu ya safari hii ni sahihi 118,823, na siku ya mwisho ni 28 Septemba. Muungano unaoongoza kazi unaitwa Invest in Arizona, na chama cha walimu cha Arizona Education Association ni mmoja wa nguzo zake. Una fomu za sheria tatu. Sisi tumeamua kushika SB 1828 peke yake, maana mtu aliyesimama mbele yako juani, na joto limepita nyuzi 40, humwombi asikilize maelezo ya karatasi tatu.

Jumatano, 14 Julai

Mafunzo yamechukua jioni nzima, na nimetoka nikiwa nimeelewa kwamba fomu yenyewe ndiyo itakayotushinda tusipoiheshimu. Kila karatasi ina mistari 15, na yote ni lazima iwe ya wapiga kura wa kaunti moja. Mtu anaandika jina, anwani na tarehe kwa mkono wake, na mkusanyaji amwone kwa macho yake akitia sahihi. Karatasi ikijaa, mkusanyaji hugeuza upande wa pili na kuapa mbele ya mthibitishaji wa viapo. Maandishi kamili ya sheria inayopingwa ni lazima yawe yameambatanishwa na fomu muda wote inapozungushwa. Mwalimu aliyetufundisha alirudia mara tatu kwamba pini ya stepla isiguswe, hata kwa kutengeneza nakala.

Ukali huo una historia. Mwaka 2018, baada ya walimu kugoma kuanzia 26 Aprili hadi 3 Mei, wananchi walikusanya sahihi zaidi ya 270,000 ili watu wenye kipato kikubwa watozwe zaidi kwa ajili ya shule, na mwezi Agosti Mahakama ya Juu ya Arizona ikaliondoa pendekezo kwenye karatasi ya kura kwa sababu ya maneno ya muhtasari wake, likiwamo suala la kutaja ongezeko kwa asilimia bila kueleza kuwa ni pointi za asilimia. Wazo hilo lilirudi mwaka 2020 kama Pendekezo 208, wananchi wakalipitisha mwezi Novemba kwa karibu asilimia 52, na likaweka tozo ya asilimia 3.5 juu ya mapato yanayozidi dola 250,000 kwa mtu mmoja au 500,000 kwa wanandoa. Mojawapo ya sheria tatu za sasa inaizingira tozo hiyo kwa kuweka kikomo cha asilimia 4.5 kwa jumla ya kodi anayotozwa mtu wa ngazi ya juu.

Kati yetu saba, watano ndio raia, kwa hiyo ndio watakaoshika fomu. Wawili waliobaki watafasiri na kubeba maji.

Jumapili, 18 Julai

Tumesimama nje ya kanisa baada ya ibada ya Kiswahili, kuanzia saa sita hadi saa nane, tukapata sahihi nne. Watu walitusikiliza kwa adabu, wakauliza habari za wazazi wetu, kisha wakasema watafikiri. Mzee mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, ambaye huko nyuma alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ambaye nilimtegemea kuliko wote, aliniambia waziwazi: “Binti yangu, maisha yangu yote nimeona serikali zikiongeza kodi. Leo imetokea serikali inayopunguza, nanyi mnaizuia?” Watu walicheka, nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nilianza kumweleza habari za bilioni, na uso wake ukanionyesha kwamba bilioni haimwambii kitu mtu anayehesabu kodi ya nyumba.

Jumatano, 21 Julai

Nadhani tumelipata jibu la mzee, na limetoka kwenye mkoba wangu. Usiku, baada ya zamu ya ghalani, nilikaa mezani na jedwali la ngazi za kodi. Kwa mtu aliye katika ngazi ya chini, kila dola 1,000 ya mapato yanayotozwa kodi hutoa dola 25 na senti 90. Kwa kiwango kipya itatoa dola 25. Amebakiziwa senti 90. Kwa mtu wa ngazi ya juu, kila dola 1,000 iliyo katika ngazi hiyo hutoa dola 45, na kwa kiwango kipya itatoa dola 25 zilezile. Amebakiziwa dola 20. Nilitoa sarafu tatu za senti 25, moja ya senti 10 na moja ya senti 5, nikazipanga mezani, na pembeni yake nikaweka noti moja ya dola 20. Mume wangu alipoamka kwenda kazini akauliza ni chenji ya nani.

Mfanyakazi wa ghalani ambaye mapato yake yanayotozwa kodi ni dola 20,000 kwa mwaka atapata nafuu ya dola 18, na fedha hiyo haifikii hata bei ya mfuko wa mchele tunaonunua kwa mwezi. Darasani kwa mwanangu wa pili mwaka jana hakukuwa na mwalimu wa kudumu wa hesabu kwa muhula mzima. Sitasema punguzo la kodi ndilo lililomfukuza mwalimu yule, kwa kuwa sheria hii ilikuwa haijazaliwa, lakini ninajua aliondoka kwa ajili ya mshahara, na ninajua mishahara hiyo hutoka hazina ipi.

Jumapili, 25 Julai

Sahihi 23, na ya kwanza ni ya mzee wa Fizi. Aliziangalia sarafu zile na noti, akaniomba nirudie hesabu polepole, akakosoa namna nilivyoieleza ngazi ya pili, kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu. Alikuwa amejiandikisha kupiga kura wiki ileile aliyoapishwa uraia.

Dada mmoja muuguzi alituambia mfano wetu unaruka watu wa katikati, na alisema kweli. Yeye yuko kwenye ngazi ya asilimia 3.34, na katika kila dola 1,000 ya ngazi hiyo atabakiziwa dola 8 na senti 40. Kwa familia yenye mishahara miwili hiyo ni fedha ya kuhisi. Tumekubaliana kuanzia sasa tuweke mezani mafungu matatu ya fedha. Yeye alitia sahihi, mumewe akakataa, wakaondoka wakibishana.

Jumapili, 1 Agosti

Siku ngumu, ingawa sahihi ni 19. Mama mmoja wa Uvira, mwenye watoto watano katika shule za umma, alisikiliza kila kitu, akaeleza upya kwa wenzake vizuri kuliko mimi, akashika kalamu. Nikamuuliza kama amejiandikisha kupiga kura. Hajawa raia; ana kadi ya ukaaji tu, na muda wake wa kuomba uraia haujafika. Nilimshika mkono kabla kalamu haijagusa karatasi. Aliniuliza: “Watoto wangu watano wamo humo madarasani, na jina langu halina kazi?” Nilimweleza kwamba sahihi ya asiyeruhusiwa inaweza kumletea matatizo makubwa katika maombi yake ya uraia, na hiyo ndiyo kweli, lakini niliona ameaibika mbele ya watu na sikujua namna ya kuiondoa aibu ile.

Tangu leo swali la uandikishaji linaulizwa kwanza, kwa faragha, kabla ya sarafu kutoka mfukoni. Kwa hesabu yangu ya macho, wazazi wawili kati ya kila watatu tunaozungumza nao hapo kanisani hawawezi kutia sahihi. Mama wa Uvira alinipigia simu jioni. Anataka kazi ya kufanya, naye kuanzia wiki ijayo ataandaa orodha ya kina mama anaowajua ambao wameshakuwa raia.

Jumapili, 8 Agosti

Shule zimefunguliwa, na kina mama wa orodha wameleta sahihi 41. Nimepitia karatasi zote jioni hii. Makosa niliyoyakuta yalinitoa jasho kuliko jua. Watu sita wameandika tarehe tulivyozoea sisi, siku kwanza na mwezi baadaye, kwa hiyo karatasi inasomeka kana kwamba mwaka una mwezi wa ishirini na tano. Mmoja ameweka alama za kama-juu badala ya anwani. Bwana mmoja amemtilia sahihi mkewe aliyekuwa jikoni, kwa upendo tu, na mkusanyaji wetu, kijana mpole, aliona haya kumzuia mtu aliyemkaribisha chai. Na familia moja inaishi Kaunti ya Pinal ilhali fomu ni ya Maricopa, kaunti ya Phoenix. Mratibu wa eneo ametuagiza tukate kwa mstari kila sahihi yenye shaka kabla ya kuapa mbele ya mthibitishaji, kwa kuwa mahakama za hapa zinadai masharti yafuatwe kikamilifu, na kukaribia sharti hakutoshi. Tumekata 11. Sita wa tarehe tutawarudia majumbani mwao.

Alhamisi, 19 Agosti

Mahakama ya Juu imetoa uamuzi juu ya Pendekezo 208. Katiba ya jimbo ina kikomo cha matumizi ya shule kilichowekwa mwaka 1980, na majaji wamesema pendekezo lile, kwa kuwa ni sheria ya kawaida, haliwezi kuitoa tozo yake nje ya kikomo hicho. Wamelirudisha kwa mahakama ya chini ili ionekane kama fedha hizo zitakivuka. Maana yake ni kwamba wananchi walipiga kura shule zipate fedha, na sasa inaulizwa kama shule zinaruhusiwa kuzitumia. Simu zimeingia usiku kucha kuuliza kama kazi yetu imekwisha. Haijaisha, lakini imekuwa vigumu kueleza.

Jumapili, 29 Agosti

Leo nimebishana na kaka mmoja mwenye magari mawili ya kubeba abiria wa uwanja wa ndege, na ubishi wake nauandika kwa kuwa ndio bora kuliko wote tuliousikia. Alisema jimbo lina ziada ya fedha mwaka huu, jambo ambalo ni kweli. Alisema ziada ni mali ya waliotozwa. Na alisema kodi ikipungua wenye biashara watahamia hapa kutoka California na makusanyo yatapanda yenyewe. Sikumbishia ziada. Nilimuuliza kama amewahi kushusha nauli kwa mteja wa kudumu kisha akajaribu kuipandisha tena. Akacheka.

Hapa Arizona tatizo hilo limeandikwa kwenye katiba. Tangu wananchi walipopitisha Pendekezo 108 mwaka 1992, bunge haliwezi kuongeza kodi bila theluthi mbili za kila baraza, ilhali kuipunguza kunahitaji wingi wa kawaida tu. Ziada ni ya mwaka mmoja, punguzo ni la kudumu, na mwaka mbaya ukija atakayetaka kulirekebisha itambidi apate theluthi mbili ambayo hakuna chama chenye uwezo wa kuikusanya peke yake. Nilimwambia hivyo, naye akajibu kwamba theluthi mbili iliwekwa makusudi ili watu kama sisi wasichezee mifuko ya watu, na hapo tukaachana kwa amani, bila sahihi. Nimeona kwamba hoja ya mlango unaofunguka upande mmoja inawagusa hata wasiojali sarafu zangu, kwa hiyo tumeiingiza kwenye maelezo.

Jumapili, 12 Septemba

Sahihi 37. Pini ya stepla iliachia kwenye fomu moja, na maandishi ya sheria yakabaki kwenye ubao wa kubania karatasi huku fomu ikiwa mkononi kwa mtu. Mratibu ameishika kwa ncha za vidole kama samaki aliyechina na kuiweka kando. Sahihi tisa zimekwenda.

Jumanne, 28 Septemba

Muungano umewasilisha leo sahihi zaidi ya 215,000 za SB 1828 kwa ofisi ya Katibu wa Jimbo. Sisi tumechangia 386 baada ya kukata zenye kasoro. Sijidanganyi: masanduku yale yamejazwa na walimu pamoja na wakusanyaji wa kulipwa wanaosimama nje ya maktaba na maduka tangu asubuhi, na kikundi chetu ni punje ndani ya gunia. Lakini 386 hao walielezwa kwa lugha yao, wakauliza, wengine wakakataa, na hakuna hata mmoja aliyetia sahihi bila kujua anachokipinga. Sheria imesimamishwa hadi sahihi zikaguliwe. Mama wa Uvira amepika wali na sombe kwa watu ishirini na zaidi.

Jumatano, 22 Desemba

Sahihi zimetosha, na swali letu limepewa nafasi kwenye kura ya Novemba 2022 kwa jina la Pendekezo 307. Kikundi kinachotetea punguzo, Arizona Free Enterprise Club, kilikwenda mahakamani kudai kwamba sheria ya aina hii haiwezi kupelekwa kwa wananchi hata kidogo, kwa sababu katiba inazitenga sheria zinazohusu kuendesha na kutunza idara za serikali. Jaji wa Kaunti ya Maricopa ametupatia ushindi. Rufaa itafuata.

Ijumaa, 11 Machi 2022

Jaji John Hannah wa Kaunti ya Maricopa amelibatilisha Pendekezo 208. Fedha zake zingevuka kikomo cha 1980, kwa hiyo tozo haiwezi kutozwa. Sina la kuongeza leo.

Alhamisi, 21 Aprili

Mahakama ya Juu ya Arizona imeamua kwamba SB 1828 haiwezi kupigiwa kura. Pendekezo 307 limekufa, na sahihi zote, za walimu, za wakusanyaji wa kulipwa na zetu 386, hazitumiki tena. Sababu ni ileile iliyoletwa na walalamikaji: sheria ya mapato ya serikali huhesabiwa kuwa sheria ya kuitunza serikali, na hizo haziguswi na kura ya wananchi. Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa kwa Kiingereza na mara moja nimejaribu kumfasiria mzee wa Fizi kwenye simu. Alinyamaza, halafu akauliza: “Kwa hiyo kupunguza fedha za serikali ni kuitunza?” Nikamwambia majaji hawakuitazama hivyo, wanaangalia sheria inahusu mapato au haihusu, bila kujali yanapanda au yanashuka. Akasema basi wangetuambia mwezi wa saba. Katika hilo ninakubaliana naye moja kwa moja. Jibu la kisheria lilikuwa lilelile siku ya kwanza na siku ya mia tatu, na sisi tulikuwa tunahangaika na pini za stepla.

Kwa hiyo sheria inafanya kazi. Mwaka huu kuna viwango viwili, asilimia 2.55 na 2.98, na kile kimoja cha 2.5 kinakuja nyuma yake.

Nimewapigia simu waliotia sahihi, mmoja mmoja, kwa siku nne. Sikutaka wasikie kwa watu wengine. Wengi walipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Muuguzi alisema mumewe amefurahi na kwamba watazitumia dola zao kumlipia mtoto masomo ya ziada ya hesabu, na sikuweza kutambua kama alikuwa anatania.

Jumamosi, 9 Julai

Bajeti ya mwezi uliopita imeziongezea shule fedha, na ni haki kuliandika hilo hapa, kwa kuwa ziada aliyoitaja kaka wa magari ilikuwepo kweli na sehemu yake imefika madarasani. Juzi, tarehe 7, gavana huyohuyo alitia saini sheria inayomruhusu kila mtoto wa Arizona kuchukua fedha za umma na kuzilipia shule binafsi. Mwaka 2018 wananchi waliikataa sheria inayofanana na hiyo kwa karibu asilimia 65. Walioiongoza kura ile, Save Our Schools Arizona, wanatafuta tena wakusanyaji. Idadi inayotakiwa ni 118,823 kama mwaka jana, na siku ya mwisho ni 23 Septemba.

Tumekutana jana sebuleni palepale. Kabla ya mtu kugusa fomu, kijana mpole aliuliza kama safari hii kuna anayejua majaji watasema nini, na tumemwandikia mratibu swali hilo ili ajibu kwa maandishi. Wawili wamesema wamechoka na wamepumzika, nasi tumewashukuru. Mama wa Uvira ameomba uraia mwezi Mei, anasubiri tarehe ya usaili. Tuna mbao tisa za kubania karatasi, kalamu za wino mweusi pakiti mbili, na stepla mpya.